Vita vya Mezani na Haki ya Mpagazi

Mzozo nitakao kuuleta mbele ya wasomaji umeanza kwa sanamu ya bati isiyofika urefu wa kidole gumba. Sanamu hiyo ni ya ruga-ruga, askari wa Mtemi Mirambo wa Urambo. Ameshika gobori, kichwani ana taji la manyoya, mabegani ana shuka nyekundu, na chini ya nyayo zake umebandikwa mchanga na nyasi kavu ili mtazamaji aamini kwamba amesimama katika ardhi ya Unyamwezi. Ilitengenezwa Uingereza, ikapakwa rangi na mtu ambaye hajapata kuiona Tabora, nami nikapewa iwe zawadi nilipokuwa ng'ambo kwa masomo. Niliipokea kwa furaha. Leo naandika kuwashitaki wale waliomtuma askari huyu vitani peke yake.

Madai yangu ni haya: vita vya njia ya misafara vikichezwa mezani bila ya mpagazi, au mpagazi akiwekwa mezani kama furushi lisilo na nia, basi vita vilivyochezwa si vya Tabora. Ni uongo uliopakwa rangi vizuri, na uongo uliopakwa rangi vizuri hudumu kuliko ule wa maneno matupu.

Yapasa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana kwetu haujulikani sana. Asili yake ni ya kijeshi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, jina lake Reisswitz, alililetea jeshi la nchi yake mchezo wa kufundishia maafisa vita juu ya ramani. Mwaka 1893 kiwanda cha William Britain cha London kilianza kuuza askari wa risasi walio na uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na watoto wa Uingereza wakajaza majeshi sakafuni. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu chake kiitwacho Little Wars, akaweka sheria za kupigana vita kwa askari hao. Tangu hapo mchezo umekuwa wa watu wazima. Sanamu nyingi za leo zina kimo cha milimita 28 hivi. Huja tupu, za madini au za plastiki, na mwenyewe huzipaka: kwanza rangi ya msingi, kisha rangi za ngozi na nguo, kisha rangi nyepesi ya giza itiririkayo ndani ya mikunjo ifanye kivuli, na mwisho mguso wa brashi kavu unaoleta mwanga juu ya bega na goti. Sanamu moja yaweza kula jioni nzima. Zikitimia mia, hupangwa mezani penye vilima vya kuchonga na miti ya waya, watu wawili wakapigana kwa rula na dadu.

Vita vinavyochezwa ni vya kila zama, tangu Roma hata Waterloo. Ipo na sehemu yetu. Wachezaji huiita kwa jina walilolitoa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1890, jina ambalo kwa lugha yetu ni Afrika yenye giza totoro. Humo wamo Wazulu, Waazande, Wangoni, Waarabu wa Tabora, askari wa Wajerumani, na ruga-ruga wa Mirambo. Sitapoteza wino mwingi juu ya jina hilo. Nauliza tu: giza hilo lilikuwa machoni pa nani? Watu waliolala kambini kati ya Bagamoyo na Ujiji walizijua nyota zao, visima vyao, na bei ya mtama katika kila kijiji.

Wapo kwetu watakaosema kwamba mtu mwenye akili timamu hana haja ya kujishughulisha na midoli ya Wazungu. Hao siwaungi mkono. Sisi ni watu wa bao. Mbao yenye mashimo 32 na kete 64 ni uwanja wa vita, na wazee wetu wameucheza barazani bila ya kuitwa watoto. Kete hutekwa, nyumba huvunjwa, mchezaji hufilisiwa mbele ya mashahidi. Watu waliolea mchezo huo hawana ruhusa ya kucheka vita vya mezani vya wenzao. Lakini hebu litazameni bao lenu vizuri. Kete zote ni sawa. Hakuna kete ya askari wala kete ya mtumishi. Na kete iliyotekwa haitupwi sandukuni. Hupandwa upya upande wa aliyeiteka, ikaendelea kutenda kazi na kuamua mambo. Mtunzi wa bao alijua kwamba katika vita kila mtu huhesabiwa. Nitarejea neno hili.

Tena sina budi kukiri jambo linaloniaibisha. Mwenyeji wangu wa ng'ambo, yule aliyenipa sanamu, aliweza kunieleza tofauti ya merikani na kaniki. Alijua kwamba merikani ilikuwa nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyopewa jina la nchi iliyofumwa, na kwamba kaniki ilikuwa nguo ya buluu nzito. Alijua shuka zipi zilikuwa nyekundu na kwa nini. Alikuwa amesoma Burton, Speke, Stanley na Cameron ili apate rangi ya ukosi mmoja. Wangapi miongoni mwa wanafunzi wangu waliowahi kujiuliza babu zao walivaa nguo ya rangi gani mwaka 1871? Subira ya mpaka rangi ni aina ya elimu, nami naiheshimu. Kwa sababu naiheshimu, naidai deni lake.

Jioni ile mezani pake palipangwa Tabora ya Agosti 1871. Palikuwa na tembe zenye paa bapa, miembe, Waarabu na watu wao upande mmoja, na Mirambo upande wa pili. Nilipewa Mirambo, kwa adabu, kama mtu anavyompa mgeni kiti cha heshima. Tulirusha dadu saa tatu. Kando ya meza, nyuma ya safu za Waarabu, walisimama wapagazi sita. Nikauliza kazi yao. Nikajibiwa kwamba hao ni alama ya mzigo: nikiwafikia napata pointi. Hawakwenda ila walikosogezwa, hawakula, hawakukataa, hawakukimbia.

Sasa natuleteeni hesabu ya kweli. Stanley huyo huyo, alipoieleza safari yake ya kwanza iliyotoka Bagamoyo mwaka 1871, aliandika kwamba alikuwa na askari 23 na wapagazi 153. Maana yake ni kwamba kila askari mmoja alifuatana na wapagazi zaidi ya sita. Atakaye kuupanga msafara ule mezani kwa haki, na apake rangi wapagazi sita kabla hajagusa bunduki moja. Nani afanyaye hivyo? Hao sita hawana manyoya wala panga linalong'aa. Kazi yao haimvutii mnunuzi. Basi wanaachwa, au wananunuliwa wachache wawe pambo.

Mtetezi wa mchezo atanijibu: huu ni mchezo wa vita, na mpagazi hapigani. Jibu hilo lina sura ya kweli, nami nalivunja kwa vita vile vile vya 1871. Mirambo aliwaumiza wafanyabiashara wa Tabora kwa kuifunga njia. Na njia ilikuwa nini, kama si mabega ya watu? Kuifunga njia ni kuyazuia mabega. Waarabu walikwenda kumpiga, na Stanley pamoja nao. Saud bin Sayd aliuteka mji wa Wilyankuru, akapata pembe za ndovu, nguo na watumwa. Aliporudi na watu wake wameelemewa na nyara hizo, watu wa Mirambo walikuwa wamelala katika nyasi ndefu kando ya njia. Wakainuka, Saud akauawa, jeshi likavunjika. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba nyingi na kumwua Khamis bin Abdullah aliyetoka kumkabili. Stanley akalazimika kuzunguka kwa njia ndefu ya kusini ili afike Ujiji. Tazameni basi. Vita vilianza kwa sababu ya mizigo, vikageuka kwa sababu ya mizigo, na matokeo yake yakapimwa kwa mizigo iliyokwama. Mchezo uliouondoa mzigo na mbebaji wake umeondoa chanzo, kiini na mwisho wa habari, ukabaki na moshi wa baruti.

Kuna wasemao pia kwamba mpagazi hakuwa na hiari, kwa hiyo kumpa nafasi ya kuamua ni kumzulia. Hapa yafaa tutenge mambo mawili. Walikuwako watumwa waliopigishwa mizigo kwa minyororo, na dhambi ile haifutwi kwa rangi yoyote. Mchezaji anayewafanya mateka hao kuwa pointi, na kisha akafunga sanduku akaenda kula, ana swali la kujibu mbele ya nafsi yake. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyejikodisha alikuwa mtu wa kazi, mwenye ujira na heshima ya kazi yake. Kijana aliyekwisha kufika pwani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Mzigo wake ulikaribia ratili 60 au 70, na wa pembe uliweza kuzidi. Aliifunga kengele kwenye ncha ya pembe, akasikika akija. Alidai posho, na posho ikipunjwa aliweka mzigo chini. Mvua zikikaribia alitaka kurudi kulima, na hapakuwa na tajiri wa kumzuia kwa maneno matupu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mtu aliyeogopwa hata Kongo, asimulia katika maisha yake jinsi wapagazi wake wa Kizaramo walivyomtoroka wakamwacha na mizigo, na jinsi alivyowakamata watu kwa nguvu na kuwatia minyororo. Habari hiyo si ya kusifu. Lakini yaonyesha wazi kwamba tajiri mwenye bunduki mia aliweza kushindwa na watu wasio na silaha ila miguu yao. Hapo pana vita vya kutosha kwa mchezaji yeyote mwenye akili.

Na kama ni ushujaa utafutwao, nani ameufikia wa wale waliopita Tabora Oktoba 1873? David Livingstone alikuwa amekufa mwezi wa Mei katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu. Chuma, Susi, Halima mpishi, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga katika gome la mti, wakaubeba. Walipofika Tabora walimkuta Cameron, naye akawashauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Huko mbele, wenyeji wa njiani walipoogopa maiti kupita kwao, waliufunga upya ufanane na mtumba wa nguo, wakapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walitembea miezi tisa, si kwa amri ya mtu, maana aliyewaamuru alikuwa ndani ya mtumba. Nani atanionyesha sheria ya mchezo inayoweza kupima uamuzi ule? Dadu gani itarushwa, na idadi gani itatosha?

Mimi ni mfundishaji wa Kiswahili, na katika jambo hili nina dai la pekee. Lugha hii ilipanda bara juu ya bega. Haikuletwa Unyamwezi na jeshi. Ililetwa na watu waliohitaji kuelewana kambini, mtu wa Mrima na mtu wa Unyanyembe, juu ya kibaba cha mtama na urefu wa mkono wa nguo. Safari, posho, hongo, kiongozi, kambi: hayo ni maneno ya njia, na leo yamo ofisini na bungeni. Mtu anunuapo shati sokoni katika mitumba, analitamka neno la mpagazi. Mtumba ulikuwa ule mzigo wa nguo aliojitwika kutoka pwani. Tukimwondoa mezani, tunamwondoa mwalimu wetu wa kwanza wa lugha, kisha tunakaa kusifu uenezi wa Kiswahili kana kwamba ulikuja na upepo.

Wala nisiwaonee wachezaji wa Ulaya. Kosa lao tumelitenda wenyewe, tena kwa sanamu iliyo kubwa kuliko zao. Katikati ya Dar es Salaam, pale palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, amesimama tangu mwaka 1927 askari wa shaba nyeusi, bunduki mkononi. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi, sanamu haiwaonyeshi. Nairobi, katika ukumbusho wa vita hivyo hivyo, mpagazi amepewa mahali kando ya askari. Dar es Salaam askari amebaki peke yake, naye si mbali na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Katika vita vile vya 1914 hata 1918, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Waingereza, Wajerumani, na Wabelgiji walioiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wote walisimama juu ya mabega hayo. Tuna soko linalobeba jina lao na hatuna uso wao. Kama sisi wenye nchi tumefanya hivyo kwa shaba, tutamlaumu vipi Mwingereza kwa bati?

Niliporudi nyumbani niliichukua sanamu yangu hadi Kwihara, karibu na Tabora, ambako tembe waliyokaa Livingstone na Stanley imehifadhiwa. Barazani pa nyumba moja ya jirani nilimwamkia mzee mmoja, akaniitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilimwonyesha ruga-ruga. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, akasifu kazi ya mikono. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, baruti ya huyu amebeba nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada ya udaktari na sikuwa na jibu, nikaona haya.

Basi sitaki mchezo huu ufe. Nataka utimizwe. Mpaka rangi wa Ulaya, ambaye najua subira yake, na aanze na kiongozi wa msafara aliyetangulia na bendera nyekundu. Ampake mwenye pembe na kengele yake, mwenye mtumba, mwanamke aliyejitwika vyungu vya mumewe na mtoto mgongoni. Asiwapake wote ngozi moja kutoka kopo moja, maana Mnyamwezi, Mmanyema na Mzaramo hawakuzaliwa katika kopo. Mtunga sheria na aandike kwamba jeshi linakula. Kwamba posho hupungua kila siku, na ikiisha wapagazi hukaa kitako kufanya shauri. Kwamba Ugogo hupitiki bila ya hongo. Kwamba mawingu ya mvua yakikusanyika, nusu ya msafara huelekea mashambani. Mchezo hautapoteza utamu. Utapata ugumu ambao majemadari wote wa njia ile waliujua na wachezaji wao hawajauonja.

Na sisi je? Tuache kungoja. Tabora haikosi mikono. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa, karakana ya reli ya mji huu ilipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, na juu ya kila moja ukachorwa mlima na tembo aliyeinua mkonga. Watoza sarafu wa dunia wanazitafuta hata leo. Mji ulioweza kumtia tembo katika sarafu wakati wa vita hauwezi kushindwa kumtia mpagazi katika kalibu wakati wa amani. Watoto wetu hufinyanga ng'ombe kwa udongo na kuunda malori kwa waya bila ya kufundishwa. Mwalimu wa historia awape msafara: mmoja afinyange kiongozi, wawili askari, kumi na wawili wapagazi. Kwa hesabu hiyo peke yake watajifunza jambo ambalo vitabu vingi vimewaficha. Na wakimaliza, wapange Isike katika boma lake Januari 1893, Mjerumani von Prince akiwa langoni, wajiulize jemadari yule alilishwa na nani njiani, na baruti ambayo Isike aliiwasha akajilipua nayo kuliko kukamatwa ilifika Unyanyembe juu ya mabega ya nani.

Bao lilikwisha kutufundisha kwamba hakuna kete ya bure. Ruga-ruga wangu yupo rafuni, juu ya vitabu vyangu, na gobori lake limeelekea mlangoni. Nyuma yake nimeacha nafasi ya watu sita. Mwenye hoja ya kuonyesha kwamba nafasi hiyo haiwahusu, na aandike, nami nitamjibu.